Pale Gesi Inapokutana na Hewa: Moto wa Haidrojeni na Tanuri la Hima



Nimeombwa nijibu swali moja ambalo vijana wa hapa Kasese wamekuwa wakiuliza: je, tanuri la saruji la Hima linaweza kuwashwa kwa haidrojeni? Swali lina sababu zake. Jirani zetu wa Kenya walizindua mkakati wao wa haidrojeni ya kijani mwezi Septemba 2023, na tangu hapo redio hazijanyamaza juu ya gesi hii. Sisi tuna mito inayoshuka kutoka Rwenzori, tuna mitambo ya umeme kwenye mito hiyo, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kwamba ukipitisha umeme ndani ya maji unapata gesi inayoungua bila moshi, na kinachobaki baada ya kuungua ni maji tena. Kwa nini basi tuendelee kununua makaa ya mawe na mafuta mazito yanayosafirishwa kutoka bandarini Mombasa?

Nitalijibu. Lakini njia yangu itakuwa ndefu kidogo, kwa kuwa jibu halimo ndani ya mtungi wa gesi. Limo katika nafasi ndogo iliyo mbele ya kichomeo, pale gesi inapotoka na kukutana na hewa. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua urefu wa mwali, joto lake, rangi yake, moshi wake, na kama mwali utakaa mbele au utarudi ndani ya bomba. Gesi yoyote iko hivyo, ila haidrojeni haina huruma kwa anayelipuuza jambo hilo.

Tuanze na jambo ambalo wengi hapa wameliona kwa macho. Fundi wa kuchomelea vyuma anapowasha mtungi wake, hufungua asetilini kwanza na kuiwasha. Mwali unaotoka ni mrefu, wa manjano, unayumba, na juu yake zinapepea nyuzi nyeusi za masizi. Kisha anafungua oksijeni kidogo kidogo. Mwali unafupika, unageuka wa bluu, na mbele kabisa ya pua ya bomba inatokea ncha nyeupe inayong'aa. Sasa ana joto la nyuzi zaidi ya 3,000, na chuma kinayeyuka. Asetilini ni ile ile iliyokuwa ikitoa masizi dakika moja iliyopita. Kilichobadilika ni kwamba mwanzoni gesi ilitoka peke yake, ikalazimika kuitafuta hewa nje ya bomba. Baadaye ikatoka ikiwa tayari imechanganyika.

Hizo ndizo njia mbili kuu za kuunguza gesi yoyote duniani. Katika ya kwanza, kiwashwa, yaani kile kinachounguzwa, na hewa hukutania ndani ya mwali wenyewe. Katika ya pili, vinachanganywa kabla, na mwali unapita ndani ya mchanganyiko ulio tayari. Robert Bunsen wa Heidelberg aliifanya njia ya pili iwe kitu cha kila maabara kwa kichomeo chake cha mwaka 1855, kile kile kinachotumika katika maabara za shule zetu, na kile kitundu cha pembeni kinachofunguliwa na kufungwa kwa kuzungusha pete ni mlango wa hewa. Mwanafunzi anayekizungusha anahama kutoka njia moja kwenda nyingine.

Sasa tuitazame haidrojeni, nami nitawapa tarakimu chache kwa sababu bila hizo mtu anaweza kudhani ni gesi ya kupikia iliyobadilishwa jina. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, huungua hewani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko. Ikipungua chini ya hapo haishiki moto, na ikizidi pia haishiki. Haidrojeni huungua kuanzia asilimia 4 hadi 75. Mwali wa methani, katika mchanganyiko uliotulia, husonga mbele kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde. Wa haidrojeni hufika karibu mita 3 kwa sekunde. Cheche inayotosha kuiwasha haidrojeni ina nishati ya kama sehemu moja ya kumi na nne ya ile inayohitajika kuiwasha methani, kwa hiyo umeme tunaoukusanya mwilini kwa kuvaa nguo za nailoni unatosha na kupita kiasi. Na mwali wake katika hewa, vikikutana kwa kipimo kamili, hufika nyuzi 2,100 hivi za Selsiasi, zaidi ya methani kwa nyuzi mia na kitu.

Kipimo kamili ni asilimia 29.5 ya haidrojeni na iliyobaki hewa. Hapo hakuna gesi inayobaki bila kuungua wala oksijeni inayobaki bila kazi. Kumbukeni kipimo hicho, maana kila ninalosema kuanzia sasa linazunguka hapo.

Tuchukue njia ya kwanza. Haidrojeni inatoka kwenye tundu, peke yake, ikaingia katika hewa. Katikati ya mkondo kuna gesi tupu. Nje kuna hewa tupu. Kati yake kuna utando mwembamba ambapo viwili hivyo vinakutana kwa kipimo kamili. Mwali unakaa juu ya utando huo. Hata ukileta hewa mara tatu ya inayohitajika, utando hauondoki. Unaweza kusogea, lakini palipo na utando joto litakuwa lile lile la nyuzi 2,100, kwa sababu mwali haujui kipimo cha jumla cha hewa iliyomo ndani ya tanuri. Unajua tu kile kinachoufikia pale ulipo. Mhandisi anayesoma mita yake na kuona hewa ni nyingi, akadhani kwa hiyo moto wake ni wa baridi, amedanganyika kabisa.

Joto hilo lina gharama. Hewa yetu kwa sehemu kubwa ni nitrojeni, gesi tulivu isiyopenda kuungana na kitu. Mwaka 1946 mwanasayansi wa Kisovieti, Yakov Zeldovich, alieleza jinsi joto kali linavyouvunja utulivu huo: juu ya nyuzi 1,500 hivi, atomu za oksijeni zilizoachwa huru na moto huanza kuipasua nitrojeni na kuungana nayo. Matokeo ni oksidi za nitrojeni, zile zinazochoma mapafu na kuchangia mvua ya asidi. Juu ya mpaka huo, kila joto linapopanda kidogo zinaongezeka kwa wingi wa kutisha. Kwa hiyo haidrojeni, gesi isiyo na kaboni hata chembe, inaweza kutoa moshi wenye madhara tusiouona. Anayewaambia kwamba haidrojeni hutoa maji tu amesema kweli kuhusu haidrojeni, na amesahau hewa.

Je, tusichanganye kabla? Ndiyo njia ya pili, na faida yake ni kubwa. Ukichanganya vizuri na kuiweka haidrojeni iwe nusu ya kile ambacho hewa ile ingeweza kuunguza, joto la mwali linashuka hadi nyuzi 1,400 hivi, na oksidi za nitrojeni zinakaribia kutoweka. Wanaojenga mitambo ya kuzalisha umeme kwa gesi wanaitafuta njia hii kwa bidii. Ila neno zito hapo ni "vizuri". Mchanganyiko ukiwa na vibonge, hapa gesi imezidi, pale imepungua, basi pale ilipozidi joto linaruka, na wastani mzuri wa kwenye mita haukuokoi. Molekuli za gesi ndizo zinazopaswa kuchanganyika, si tarakimu za mita.

Kisha linakuja jambo ambalo mimi binafsi naliona kuwa la ajabu kuliko yote katika elimu ya moto. Mchanganyiko hafifu wa haidrojeni, hata ukichanganywa kwa ukamilifu, hujitenga wenyewe ndani ya mwali. Fikirini mpaka wa Mpondwe siku ya soko: malori yamejipanga, na mama aliyebeba ndizi kichwani anapita katikati yao, anafika Kasindi kabla dereva hajawasha injini. Haidrojeni ndiyo molekuli nyepesi kuliko zote, nayo inasafiri kuelekea kwenye mwali upesi kuliko joto linavyotoka kwenye mwali kwenda kwenye gesi baridi. Sasa mwali ukitokeza uvimbe mdogo kuelekea kwenye gesi ambayo haijaungua, uvimbe huo unazifikia molekuli za haidrojeni kutoka pande nyingi. Unashiba kuliko jirani zake, unapata joto zaidi, unakwenda mbele zaidi. Bonde lililo kando yake linanyang'anywa, linapoa, mara nyingine linazimika. Ukiupiga picha mwali huo kwa kamera inayofaa unaona vyumba vyumba na nyufa, na unaungua upesi kuliko hesabu ya mwali laini inavyotabiri.

Zeldovich alitabiri katika miaka ya 1940 kwamba mchanganyiko hafifu wa namna hiyo, bila upepo wala mvutano wa dunia wa kuupandisha juu, ungeweza kuwaka kama kitufe kilichosimama hewani, kikilishwa na haidrojeni inayokijia yenyewe kutoka pande zote. Miongo ilipita kabla Paul Ronney wa Marekani hajaviona vitufe hivyo, mwaka 1984, ndani ya mnara wa kuangushia vyombo ambamo uzito hutoweka kwa sekunde chache. Mwaka 1997 vilipelekwa angani ndani ya chombo Columbia. Kila kimoja kilitoa nguvu ya kama wati moja tu, nacho kilidumu kwa dakika kadhaa.  Hakuna kiwashwa kingine cha kawaida kinachoweza kuwaka kwa uhafifu wa namna hiyo, na fundi anayetafuta uvujaji wa haidrojeni akumbuke kwamba moto wake unaweza kuwa hai hata pale anapodhani hakuna gesi ya kutosha.

Tena hauonekani. Mwali safi wa haidrojeni mchana ni kama hewa inayotetemeka, kwa kuwa hauna masizi ya kung'aa, na mwanga wake mwingi uko katika miale ambayo macho yetu hayaioni. Ukimwagia vumbi la chumvi ya Katwe, utageuka wa manjano papo hapo, kwa sababu sodiamu hung'aa kwa rangi hiyo. Moto wa haidrojeni unaouona kwa manjano ni moto uliokula kitu kingine.

Hatari ya njia ya pili ni moto kurudi nyuma. Ukishachanganya gesi na hewa ndani ya bomba, umelijaza bomba kitu kinachoweza kuungua. Kinachouzuia mwali usiingie humo ni mwendo wa mchanganyiko kutoka nje. Kama unatoka kwa kasi kuliko mwali unavyosonga, mwali unakaa mdomoni. Ukipungua, mwali unaingia. Kwa methani kuna nafasi ya kukosea. Kwa haidrojeni nafasi hiyo ni finyu mno, hasa karibu na ukuta wa bomba ambapo mkondo huenda polepole. Mwali wa methani hauwezi kupita katika mwanya wa milimita 2 hivi, kwa sababu chuma kinaunyonya joto. Ule wa haidrojeni hupenya mwanya wa kama milimita 0.6. Mzee wangu aliyefanya kazi katika mgodi wa Kilembe huenda aliwahi kusikia habari za taa ya Humphry Davy ya mwaka 1815, yenye wavu wa kuzuia moto usitoke na kuiwasha gesi ya mgodini. Wavu ule ulipimwa kwa methani. Usiutegemee mbele ya haidrojeni.

Basi twende kwenye tanuri.

Kiwanda cha Hima ni mali ya historia yetu. Kilianza chini ya shirika la serikali, kikauzwa kwa watu binafsi mwaka 1994, kikaingia mikononi mwa Bamburi ya Kenya mwaka 1999, kikaongezwa mtambo mpya mwaka 2010 uliokifikisha kwenye uwezo wa zaidi ya tani 800,000 za saruji kwa mwaka, na mwaka 2024 kikanunuliwa na Sarrai Group pamoja na Rwimi Holdings. Katika miaka hiyo kimejifunza kuchoma kitu ambacho wengine walikitupa: makapi ya kahawa. Nasema hivi kwa heshima. Kahawa inayokobolewa huacha makapi, makapi yana joto, na tanuri likayala.

Ndani ya tanuri la saruji, mawe ya chokaa na udongo lazima yafikie nyuzi 1,450 ili yawe klinka, zile punje ngumu zinazosagwa kuwa saruji. Mwali wenyewe unapaswa kuwa karibu nyuzi 2,000, uwe mrefu wa kutosha, ukae katikati bila kulamba matofali, na uangaze. Hilo la kuangaza lina uzito. Mwali wa makaa au wa makapi umejaa chembe zinazong'aa, na chembe hizo ndizo zinazotupa joto juu ya klinka kama jua linavyotupa joto juu ya bati. Hewa inakuja kwa njia mbili. Sehemu ndogo hupita ndani ya kichomeo pamoja na kiwashwa, nyingine ikinyooshwa, nyingine ikizungushwa, na fundi anayeijua kazi yake hurefusha au kufupisha mwali kwa kubadili uwiano wa hizo mbili. Sehemu kubwa hutoka kwenye klinka inayopoozwa, nayo hufika kwenye mwali ikiwa na nyuzi 900 hata 1,000.

Hapo haidrojeni yenyewe inatuchagulia njia. Gesi hii hujiwasha bila cheche ikifika nyuzi 500 na kitu. Hewa ya nyuzi 900 haiwezi kuchanganywa nayo kabla. Itawaka kwa kuguswa tu. Kwa hiyo ndani ya tanuri haidrojeni itaungua kwa njia ya kwanza, kwenye ule utando wa kipimo kamili, tena ikilishwa hewa iliyokwisha pata moto, maana yake joto litapita hata zile nyuzi 2,100. Mwali utakuwa mfupi na mkali, umebana karibu na pua ya kichomeo, mahali ambapo matofali ni ya kuonewa huruma. Mbele zaidi, pale klinka inapohitaji joto lililotandazwa, mwali utakuwa umekwisha. Nao hauna chembe za kung'aa, kwa hiyo joto lake linabaki zaidi ndani ya gesi na mvuke. Mtu akiondoa makaa kesho, akaunganisha bomba la haidrojeni kwenye kichomeo cha jana, atapata matofali yaliyoungua, klinka isiyoiva, na oksidi za nitrojeni kupita za makaa.

Dawa iko katika uchanganyaji. Mwaka 1949 Hawthorne, Weddell na Hottel wa Marekani walionyesha kwamba mwali wa gesi inayotoka kwa msukosuko haurefuki kwa kuongeza kasi. Urefu wake unafuata upana wa tundu. Ongeza kasi mara mbili, na mkondo utavuta hewa mara mbili, urefu ukabaki pale pale. Kwa hiyo anayetaka mwali mrefu wa haidrojeni hana budi kuchagua tundu, mahali pake, na hewa inayolizunguka. Anaweza kuitoa gesi katikati na kuifunika kwa mkondo wa hewa baridi unaochelewesha kukutana na ile ya moto. Anaweza kuigawa, sehemu iungue hapa na sehemu mbele zaidi. Na anaweza, hili ndilo ninalolipenda, kuiunganisha na kiwashwa chenye kaboni.

Jaribio la namna hiyo lilifanyika. Septemba 2021, katika kiwanda cha saruji cha Ribblesdale, kaskazini mwa Uingereza, tanuri liliendeshwa kwenye kichomeo kikuu kwa mchanganyiko wa haidrojeni, gliserini na unga wa nyama na mifupa, bila makaa hata kidogo. Haidrojeni ilikuwa karibu asilimia 40. Naona wazi mantiki yake. Haidrojeni hushika moto upesi na kuvipa joto viwashwa vilivyo vizito kuwaka. Viwashwa hivyo navyo huleta zile chembe zinazoangaza.

Sasa wekeni makapi ya kahawa mahali pa unga wa mifupa. Makapi huja na unyevu, huja na vipande vikubwa na vidogo, nayo huchelewa kuwaka. Kabla hayajaungua ni lazima yakauke, kisha yatoe gesi zake, kisha mkaa uliobaki uteketee. Yakichelewa mno huangukia kwenye klinka yakiwa bado yanawaka na kuiharibu. Kiasi kidogo cha haidrojeni kinachowaka kando yake kingeweza kuyawahisha. Nasema kingeweza, kwa kuwa kipimo chake kinategemea kichomeo chenyewe na makapi yenyewe, na hakuna kitabu kinachoweza kuwapimia watu wa Hima makapi ya Hima.

Kuhusu kuliendesha tanuri lote kwa haidrojeni, hesabu ni fupi. Mtambo wa umeme wa Bugoye, kwenye maji ya Mubuku, una uwezo wa megawati 13. Ukiutumia kutengeneza haidrojeni peke yake usiku na mchana, na kila kilo ya haidrojeni ikala takriban kilowati-saa 52, utapata tani 6 kwa siku. Zaidi ya theluthi ya nishati ya umeme imekwisha potea njiani. Tani 6 zina megajuli 720,000. Tani moja ya klinka inataka megajuli 3,400 hivi. Mtambo mzima, basi, unatupa klinka tani 210 kwa siku, wakati kiwanda chenye uwezo wa Hima huhesabu saruji yake ya siku kwa maelfu ya tani. Na taa za Kasese zitawashwa na nini? Tena hata siku moto ukiwa safi kabisa, mawe yenyewe yanatoa kabonidioksaidi: kila kilo 100 za chokaa safi zikichomwa zinatoa kilo 44, hata ukizichoma kwa jua. Katika saruji sehemu hiyo ni kubwa kuliko ile inayotoka kwenye kiwashwa.

Hukumu yangu ni hii. Haidrojeni haitakuwa mkate wa tanuri la Hima katika miaka inayoonekana. Inaweza kuwa msaidizi wa makapi, kwa kiasi kidogo, ikiwa kichomeo kitaundwa upya kwa ajili yake na mafundi wetu wakafunzwa kukisoma. Fedha ya kwanza itumike kupima jinsi hewa inavyokutana na makapi leo, kwa sababu elimu hiyo haitapotea hata kama haidrojeni haitakuja kamwe.

Ila kuna haidrojeni ambayo tayari iko hapa, na juu ya hiyo sitanii. Mnajua maduka ya kuchajia betri, Bwera na Kasese mjini, zile betri za asidi za sola na za magari. Betri ya namna hiyo ikishajaa na chaja ikaendelea kusukuma umeme, maji yaliyomo hupasuka, na haidrojeni hutoka kupitia vifuniko. Betri moja ya volti 12 ikizidishiwa ampea 10 kwa saa moja hutoa lita 25 hivi. Betri 10 hutoa lita 250. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu, kinafika asilimia 4 kikiwa na lita 900. Kama mlango na dirisha vimefungwa kwa kuogopa wezi, ni chini ya saa nne. Na kwa kuwa gesi ni nyepesi, hukusanyika kwanza chini ya bati, kwa hiyo huko juu asilimia 4 inafika mapema.

Angalieni tena uchanganyaji unavyoamua. Kwenye asilimia 4 mwali hupanda juu tu na kufa, ukiacha gesi nyingi bila kuungua. Ikipita 9 unasambaa pande zote, hata kushuka. Ikipita 18 hivi, katika chumba kilichofungwa, inaweza kulipuka kwa mshtuko unaobomoa kuta. Machi 2011 Wajapani waliona paa za majengo ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima zikirushwa na haidrojeni iliyokuwa imejikusanya chini yake. Gesi hiyo hiyo ikivujia chini ya anga wazi, hewa huipunguza na kuipandisha juu katika muda mfupi, isipate nafasi ya kujikusanya.

Kwa hiyo ninawaomba wenye maduka hayo, na walimu mnaowafundisha watoto wao: kesho asubuhi, kabla ya kuunganisha chaja, toboeni ukutani matundu mawili, moja chini karibu na sakafu la kuingiza hewa, na jingine juu kabisa chini ya bati la kuitoa gesi. Swichi na soketi zihamishwe kutoka darini. Mtu asiwashe kiberiti humo, asivute sigara, asichomelee vyuma. Na usiku ukitaka kufunga mlango, zima chaja kwanza.